Mchwa Hawaangalii Mng'aro: Chagua Kabati la Mlangoni Litakalovuka Masika Kumi ya Tabora

Kuna vijana wana spika za kutikisa ukuta, wana godoro la inchi nane, wana pazia mpaka kwenye kijidirisha cha stoo. Lakini ukifika mlangoni kwao unakanyaga raba moja, unaruka ndala mbili, unapiga ndoo teke, ndipo unasikia "karibu ndani, jisikie nyumbani". Nyumbani gani huko, jamani? Mlango ndio uso wa nyumba. Mgeni anakupima pale pale, hata soda hujamnunulia.

Basi wiki hii tunaongelea kabati la mlangoni. Lile la kuwekea viatu, miavuli, makoti ya mvua, helmeti ya pikipiki na makorokoro yote yanayoingia ndani na uchafu wa barabarani. Utasema ah, hicho ni kitu kidogo, andika mambo ya mapenzi. Taratibu. Karibu kila mtaa una kisa cha mtu aliyeficha bahasha ya vyeti kwenye droo ya chini ya kabati la viatu, kwa sababu ndiyo droo pekee aliyokuwa nayo. Siku ya usaili anavuta droo, anakuta udongo mwekundu na vipande vya karatasi. Mchwa wameshafanya usaili wao na wamefaulu. Kinachofuata ni safari za Baraza la Mitihani, ada juu ya ada, na kazi wameshapewa wengine. Sasa niambie kama kabati ni kitu kidogo.

WENZETU WA THELUJI

Tuanze mbali kidogo. Kama una ndugu Toronto au Minneapolis, muulize nyumba za kule zimekaaje. Atakwambia nyumba nyingi zina kijichumba nyuma ya mlango, kazi yake ni kuvulia viatu tu. Wamarekani wamekipa jina ambalo kwa Kiswahili ni "chumba cha matope". Usicheke. Miezi ya baridi mtu anaingia na mabuti yamejaa theluji, na theluji yenyewe imechanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Ile chumvi ikiingia kwenye bawaba na skrubu za kawaida, kutu inakula chuma kama sukari.

Halafu ndani ya nyumba wanawasha mitambo ya kupasha joto, hewa inakuwa kavu kama ya jangwani. Kwa hiyo kabati la mlangoni linapigwa pande mbili: chini maji ya theluji, juu ukavu. Likiwa la hovyo, msimu mmoja limevimba miguu na kupasuka kifua.

Wenyewe wameshajifunza. Kabati lao la mlangoni linainuliwa kutoka sakafuni. Sehemu ya viatu wanaweka vipande vya mbao vilivyoachana ili maji yachuruzike na hewa ipite. Bawaba ni za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Chini kabisa wanaweka trei ya kukinga maji. Siri yote ni hiyo: maji yatoke, hewa ipite.

TABORA NAYO SI MCHEZO

Sasa wewe wa Tabora unasema huku hakuna theluji. Kweli, Juni na Julai asubuhi kuna kijibaridi tu cha kuvaa sweta. Lakini hebu hesabu. Mvua inaanza Novemba, inakwenda mpaka Aprili. Baada ya hapo kuanzia Mei mpaka Oktoba mbingu zinafungwa kabisa, upepo unavuma, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Mji wenyewe uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Septemba jua linawaka ile mbaya.

Maana yake ni kwamba kabati lako linalowa nusu mwaka na linakaushwa nusu mwaka. Hilo ni lile lile la Toronto, limebadilishwa nguo tu.

Na matope je? Anayetoka Lusu kule Nzega, au kijiji chochote chenye ardhi ya mbuga, anajua ninachosema. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unaganda kwenye kiatu mpaka mtu anaongezeka urefu. Unafika nyumbani umebeba kilo nzima ya shamba. Ukivisukuma viatu hivyo ndani ya kabati lililozibwa kila upande, umeweka sifongo ndani ya sanduku. Baada ya siku tatu ni ukungu, baada ya wiki ni harufu ya kumkimbiza mchumba.

MBAO INAPUMUA, USIIBANE

Hapa sikiliza vizuri, maana mafundi wengi wanajua lakini hawasemi. Ubao hata ukishapigwa randa na vanishi bado unavuta unyevu na kuuachia. Masika unatanuka, kiangazi unasinyaa. Na hautanuki urefu, unatanuka upana. Ndiyo maana mlango wa kabati unaofunguka vizuri Septemba unagoma Februari, mpaka unaupiga bega.

Fundi mzuri analijua hilo. Mlango anautengeneza kwa fremu, halafu ule ubao wa katikati anauingiza kwenye mfereji wa fremu bila kuutia gundi, na anauachia nafasi kidogo ya kucheza. Ubao ukitanuka una pa kwenda. Ukimwona fundi anabana kila kitu kwa gundi na misumari, mwambie asante, nitarudi kesho. Usirudi.

Jambo la pili, mbao iwe imekauka. Ya kwako ikikaukia ndani ya kabati, itapinda ikiwa imeshalipiwa. Utajuaje? Angalia kwanza jinsi fundi anavyozipanga. Kama amezilaza mahali penye kivuli, kila safu ametenganisha na vijiti ili hewa ipite, huyo anajua kazi. Kama zimelundikwa chini juani, zinakauka upande mmoja na kupasuka ncha. Halafu kuna mtihani rahisi wa mizani ya dukani. Chukua kipande kidogo cha ile mbao, kipime, kiweke ndani kwako wiki moja, kipime tena. Kikiwa kimepungua uzito, bado kinatoa maji. Mwambie fundi asubiri.

ADUI NAMBA MOJA

Enhee, sasa mchwa. Wakati mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi wanatoka, watoto wanawakimbiza kwenye taa, sisi tunawakaanga na chumvi. Tamu kweli kweli. Lakini jua kwamba kumbikumbi ndio mchwa wenyewe wamevaa mabawa, wanatafuta pa kuanzisha ukoo mpya. Wale uliowakosa kwenye kikaango ndio wanaokuja kula kabati. Wewe unakula wazazi, watoto wanalipa kisasi.

Mchwa hapendi mwanga wala hewa kavu. Ndiyo maana anatembea ndani ya vijinjia vya udongo. Anatoka ardhini, anapanda ukutani, anaingia kwenye kabati kwa nyuma usikoona, anakula ndani na kuacha ngozi ya vanishi inang'aa vile vile. Unakuja kuligonga, linalia kama debe tupu.

Wajerumani walimwogopa sana mdudu huyu. Walipojenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, waliilaza juu ya mataruma ya chuma badala ya mbao. Sababu mojawapo ni mchwa. Kama serikali yenye pesa ilimkwepa, wewe mwenye mshahara wa mwezi mmoja unamdharau vipi?

Yuko na mwingine. Wazee wa Tabora wanamkumbuka dumuzi, ambaye watu walimbatiza jina la Scania, kama yale malori. Asili yake ni Amerika ya Kati. Mkoa wa Tabora ndiko alikoanza kuripotiwa hapa Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akageuza magunia ya mahindi kuwa unga. Sasa habari ambayo wengi hawana ni hii: dumuzi yuko kwenye ukoo wa wadudu watoboa mbao, na anaweza kutoboa hata mbao za ghala. Kwa hiyo kuweka gunia la mahindi kutoka kijijini sambamba na kabati la mbao laini ni kumwalika mwizi na kumpa chumba.

MTI GANI SASA?

Kwetu Tabora mfalme ni mninga. Mti huu unaota kwenye misitu ya miombo, ile ile inayotupa asali. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake haipindi ovyo, haitanuki sana, inapigwa randa bila kugombana, na mchwa wanaiona chungu. Kwa kabati la mlangoni ni bomba.

Lakini kuna neno dogo linalofichwa: kiini. Mninga unaohimili wadudu ni ile sehemu ya kahawia ya katikati. Ule ukanda mweupe wa nje, karibu na gome, ni chakula kama mbao nyingine. Ukiona ubao wa "mninga" nusu kahawia nusu mweupe, ujue unanunua nusu mninga na nusu futari ya wadudu.

Wa pili ni mkola, ambao wengine wanauita mkora au mkongo, na watu wa pwani wanauita mbambakofi. Huu ni mzito na mgumu, unafaa sana kwa miguu na fremu, sehemu zinazogusana na maji. Fundi atalalamika kwamba unamaliza msumeno. Mwache alalamike.

Msindano, yaani paini, unaotoka kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi, ni mwepesi na bei yake ya kuongeleka. Usiudharau. Lakini usiununue bila kutiwa dawa, na usiutumie kwenye miguu. Weka kwenye shelfu za juu ambako maji hayafiki.

Halafu kuna yale makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, yamevalishwa karatasi yenye picha ya mti. Dukani yanang'aa mpaka unajiona sura. Kwa chumba kikavu, kwa vitabu, sina ugomvi nayo. Kwa mlangoni, hapana. Maji yakipenya ukingoni linavimba kama andazi na halirudi tena. Skrubu ikilegea mara moja, tundu limekwisha, huwezi kuirudishia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabati linalotembezwa na kipaza sauti juu ya gari, lifikirie mara mbili.

USIPIGWE CHANGA LA MACHO

Mjini shule. Kuna mbao laini zinapakwa rangi ya kahawia na vanishi, unaambiwa mninga. Dawa yake ni kuangalia pasipopakwa. Vuta droo, igeuze, tazama chini yake. Inama, tazama mgongo wa kabati. Tazama ncha ya ubao ilipokatwa. Kwaruza kidogo kwa sarafu mahali pa kujificha: kama chini ya kahawia kuna weupe, umeshapata jibu lako.

Tazama na viungo. Kabati la kweli limeungwa kwa ulimi wa ubao unaoingia kwenye tundu la ubao mwenzake, halafu gundi. La kubabaisha limepigwa misumari mitatu na kuzibwa kwa unga wa mbao. Lishike kichwani ulitikise. Likicheza twisti dukani, nyumbani litacheza sindimba.

Njia bora ni kumwagiza fundi mwenyewe, umwone akianza. Mlipe kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda. Ukimpa zote siku ya kwanza, kabati lako litazaliwa baada ya harusi ya mwanao.

LIKAE VIPI?

Babu zetu waliobeba mizigo kwenye njia ya misafara, kutoka pwani mpaka hapa Unyanyembe na kuendelea Ujiji, waliyaona makasha ya watu wa pwani. Mengi yana miguu na yamepambwa kwa shaba. Pambo limo, lakini na akili imo pia: miguu inaepusha unyevu na wadudu, na shaba haishiki kutu kama chuma. Tuige hapo.

Kabati lako lisimame juu ya miguu, angalau shubiri moja kutoka sakafuni, ufagio uweze kupita. Kila mguu uvalishe kiatu cha zege, au uusimamishe juu ya kipande cha tofali la saruji. Likae mbali na ukuta, vidole vinne vipite. Kazi ya hiyo nafasi si kumzuia mchwa tu, ni kumwona. Akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake mahali pa wazi, nawe unaibomoa asubuhi kabla ya chai.

Sehemu ya chini, ya viatu, isiwe na mlango. Iwe na vipande vya mbao vilivyoachana upana wa kidole, na chini yake trei ya bati au beseni pana la kukinga matope. Sehemu ya juu, ya makoti na kofia, iwe na mlango unaofunika ukingo wa fremu, ili vumbi la Agosti lisipate upenyo. Katikati weka ubao mpana wa kukalia. Mtu anayevua buti amesimama mguu mmoja kama korongo ataushika ukuta kwa mkono wa matope, na lawama ni zako.

Tafadhali, vyeti, hati na picha za marehemu wazazi visikae humo hata siku moja. Viweke juu, kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko.

Kuhusu dawa: wengine wanapaka oili chafu ya gari. Inasaidia kwenye nguzo za uani, lakini chumbani unapolala na mtoto anapotambaa, hapana. Ile si manukato. Kuna na dawa za zamani za mchwa kama dieldrin, zilizowekwa kwenye orodha ya sumu za kukomeshwa duniani kwa mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mtu akikuletea kichupa kisicho na lebo, akasema "hii ya zamani ndiyo kiboko", kimbia. Chumvi za boraksi zinafaa kwa mbao za ndani, ila maji huziosha, kwa hiyo juu yake lazima vanishi. Vanishi yenyewe irudie kila kiangazi kabla ya Novemba.

OMBA KARATASI

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Mninga unakua polepole, miongo na miongo mpaka ufikie kupasuliwa mbao. Misitu hiyo hiyo inakatwa kuni za kukaushia tumbaku, inachomwa mkaa, inafyekwa mashamba. Mwaka 2022 nchi zilizomo kwenye mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini zilikubaliana kuiweka miti ya jamii ya mninga na ya mkola ya Afrika kwenye orodha ya kuangaliwa. Kwa maneno mengine, dunia imeshtuka.

Kwa hiyo muulize muuza mbao karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu, na chukua risiti. Ukihamia Mwanza au Dar na shehena ya mbao zisizo na kibali, kwenye kizuizi utaulizwa wewe, si yule aliyekuuzia usiku. Na ukishakuwa na kabati halali la mninga, litunze lidumu. Kabati moja la miaka thelathini linaacha miti mingi msituni kuliko makabati sita ya miaka mitano mitano.

NA MWENYE MFUKO ULIOTOBOKA?

Sijakusahau, kijana wa chumba kimoja. Wewe mwenye nyumba akiamka vibaya unahama, kwa hiyo kabati la kubebwa na watu wanne halikufai. Agiza la kufunga kwa bolti, linalofunguka vipande vipande na kuenea kwenye mkokoteni mmoja. Miguu tu iwe mkola au kiini cha mninga, juu msindano uliotiwa dawa. Bado huna? Tafuta kichanja cha vipande vya mbao, ngazi mbili, kiwe na miguu. Kichanja cha mti wa kweli kinashinda kabati la karatasi lenye kioo.

Na kila Jumapili chukua tochi, piga magoti, tazama nyuma ya kabati. Ukiona kamstari kembamba ka udongo kanapanda ukutani, usingoje mshahara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipobomoa kichuguu utanunua kabati.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaongelea masufuria: kwa nini mengine yanatoboka kabla ya fungate kuisha. Mpaka hapo, vua viatu ndipo uingie.